Vifaa vya Bustani kwa Mbao Zilizomo Nyumbani

Kabla hujatoa pesa kununua vyungu vya plastiki, zunguka nyumba yako ukague. Nyuma ya stoo kuna chaga za kitanda kilichovunjika mguu. Juu ya kabati kuna fremu ya dirisha la zamani, lile lililong'olewa siku mlipoweka aluminiamu. Jikoni kuna mwiko uliopasuka, mbuzi ya kukunia nazi iliyokwisha meno, pengine na kinu chenye ufa ambacho hakuna anayethubutu kukitupa kwa kuwa kilikuwa cha bibi. Nje ya genge la jirani yamelala masanduku ya nyanya yaliyotoka Lushoto au Iringa. Na kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, au Eneo la Viwanda la Nairobi, paleti zimerundikwa zikingoja kugeuzwa kuni.

Vyote hivyo ni miti iliyokwisha kukatwa, kurandwa na kutumika, na bado ina miaka ya kazi mbele yake. Mwenye uani mdogo, kibaraza au kipande cha ardhi nyuma ya nyumba anaweza kupata humo kasha la mboga, kitalu cha miche, uzio wa mboji, uchanja wa pesheni na vibao vya majina ya mimea, bila kununua zaidi ya misumari, msasa na mafuta kidogo. Vikichakaa baada ya miaka kadhaa, vinarudi ardhini. Chungu cha plastiki hakirudi. Jua letu hukipausha, likakipasua, kisha kikasagika vipande vidogo ambavyo huwezi kuviokota tena kwenye udongo unaopandia mchicha.

Lakini mbao haiwi rafiki wa ardhi kwa sababu tu ni mbao. Zipo zilizoshiba sumu, na kwa macho zinapendeza kuliko zilizo salama. Kwa hiyo tuanze na kuchagua, msumeno utangoja.

Jua mbao ilikotoka

Paleti inayovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri ubavuni: suke la ngano na herufi IPPC, herufi mbili za nchi, namba ya aliyeitengeneza, na mwishoni herufi zinazoonyesha ilivyotibiwa. Huo ni utaratibu wa kimataifa uitwao ISPM 15, uliopitishwa mwaka 2002 ili wadudu waharibifu wa misitu wasisafiri wakiwa wamejificha ndani ya mbao. Unachotafuta ni herufi HT. Maana yake mbao ilipashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Moto tu, hakuna dawa. Ukikuta MB, iache hapo hapo ilipo. Hiyo ilifukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu kali ambayo pia huharibu tabaka la ozoni na ambayo Itifaki ya Montreal imebana matumizi yake.

Paleti isiyo na muhuri huenda iligongwa hapa hapa kwa kazi za ndani ya nchi, na nyingi hazina tatizo. Hata hivyo muhuri, hata ule wa HT, hausemi paleti ilibeba nini baada ya kutoka kiwandani. Muulize mtunza ghala. Kisha inama uinuse. Harufu ya dawa, doa la mafuta, unga wa rangi uliogandamana kwenye nyufa, kila kimoja peke yake kinatosha kukufanya uikatae. Paleti iliyobeba viuatilifu usiibebe nyumbani hata kwa kuni.

Mbao za kupaulia zenye rangi ya kijani, zile ambazo mafundi huziita mbao za dawa, pamoja na vipande vya nguzo za umeme, ni suala zito zaidi. Ukijani ule unatokana na shaba, na mara nyingi shaba hiyo imechanganywa na kromu na aseniki. Juu ya paa mbao hizo zinafanya kazi yake vizuri. Kwenye kasha la mchicha hazina nafasi. Na kamwe usizichome: aseniki haiteketei, hubaki katika moshi na jivu. Wengi wetu humwaga jivu la jikoni kwenye bustani kama mbolea, na kipande kimoja cha mbao ya dawa kilichoingia jikoni kimeshaliharibu jivu lote la siku hiyo.

Mlango au dirisha lenye rangi ya mafuta ya miaka ya nyuma, lihesabu kuwa lina risasi mpaka ithibitike vinginevyo. Usilipige msasa mkavu, hasa penye watoto, kwa sababu vumbi lake ndilo hatari. Kama rangi imeshika, litumie kwa maua yanayotambaa, mbali na chochote kinacholiwa. Kama inabanduka, usilitumie kabisa. Vipande vya kabati la kisasa vilivyotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi, MDF na jamaa zake, navyo viache. Masika ya kwanza vitavimba na kumomonyoka, na gundi yake nyingi ni ya fomaldehaidi. Plaiwudi ya kawaida ya ndani ya nyumba itaachana tabaka kwa tabaka.

Zinazobaki ndizo zako. Kitanda kikuukuu cha mninga ni hazina. Mninga, mkongo, mvule na mtiki huvumilia mvua kuliko mbao nyingi, mradi ni ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea. Sehemu nyeupe ya pembeni, hata ya mti bora kabisa, huliwa upesi. Paina ni nyepesi, inakatika kwa urahisi na imejaa mitaani, lakini ikigusa udongo haichukui muda mrefu. Mbao ya mwembe na ile ya masanduku ya matunda inachukua muda mfupi zaidi, kwa hiyo itumie kwa vitu vidogo ambavyo hutajali kuvibadilisha. Wa pwani, nyumba ya zamani inapobomolewa karibu nanyi, ulizeni boriti za mikoko kabla hazijawa kuni. Ila msinunue boriti mbichi kwa ajili ya bustani. Mikoko ni mazalia ya samaki na kinga ya fukwe, na hakuna kasha la maua linalostahili kukatiwa mkoko ulio hai.

Chomeka ncha ya kisu kwenye mbao unayoitilia shaka. Ikiingia kwa ulaini, imeoza. Ukiona matundu madogo ya mviringo na unga ukidondoka unapoigonga, imebunguliwa, na wadudu huenda bado wamo.

Maji kwanza, mchwa baadaye

Watu hulalamika kwamba mbao ya bustani haidumu, wakataja mchwa. Mara nyingi mchwa hufika wa pili. Wa kwanza ni unyevu. Ukungu unaoozesha mbao hauwezi kufanya kazi kama unyevu ndani yake uko chini ya takribani asilimia 20. Mbao inayolowa na kukauka, ikalowa na kukauka, huishi miaka mingi. Mbao inayolala kwenye udongo haipati hata siku moja ya kukauka. Ndiyo maana, katika kila kifaa utakachotengeneza, jiulize swali moja: maji yakishaingia hapa, yatatokea wapi?

Kwa hiyo inua. Kila kitu kikae juu ya matofali au mawe bapa, angalau sentimita 10 kutoka chini, na kisiegemee ukuta. Nafasi hiyo inakausha mbao na inakupa pa kuchungulia. Mchwa wengi wanaotusumbua hutoka ardhini, na hupanda wakijenga vijinjia vya udongo ili wasikauke. Ukichungulia kila wiki, utaviona vijinjia hivyo juu ya tofali kabla havijafika kwenye mbao, na kuvikwangua kunachukua dakika moja. Penye mchwa wengi, weka kipande cha bati kati ya mguu na tofali, kikubwa kuliko mguu kwa sentimita tano kila upande, na kingo zake zikunjwe kuelekea chini. Usitumie ile njia ya kuweka miguu kwenye makopo ya maji. Utazuia mchwa na kufuga mbu wa dengi.

Jambo la pili ni vichwa vya mbao, pale ilipokatwa na msumeno. Maji huingia kwa kasi kubwa zaidi kupitia hapo kuliko kupitia ubavu, kwa sababu ndipo mirija ya mti inapofungukia. Ukiwa na mafuta kidogo, yamalizie kwenye vichwa.

Mafuta gani? Mafuta ya kitani, yanayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ya rangi. Ukiweza, yachanganye na nta ya nyuki: sehemu moja ya nta kwa sehemu tano au sita za mafuta. Tia mchanganyiko kwenye kopo, kopo ulitie kwenye sufuria ya maji ya moto mpaka nta iyeyuke. Usiyaweke moja kwa moja juu ya moto. Paka kwa kitambaa, ngoja nusu saa, futa yaliyobaki juu, acha siku moja au mbili, rudia. Mafuta ya kitani yanayouzwa kama yaliyochemshwa mara nyingi huongezwa madini ya kuharakisha kukauka, kwa hiyo paka nje ya kasha tu. Upande wa ndani unaogusa udongo wa mboga uache bila kitu.

Vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye kona. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vianike nje vikiwa vimetandazwa, au viloweke kwenye maji kabla ya kuvitupa.

Kuhusu oili chafu ya magari, naijua sababu ya watu kuipenda: inapatikana karibu bure gereji na mchwa huikimbia. Lakini oili iliyokwisha kupita kwenye injini imebeba metali na masizi, na mvua huiteremsha polepole kwenye udongo na kwenye maji ya kisima. Hakuna haja ya kuepuka plastiki kwa ajili ya ardhi, kisha ukaipakaza ardhi hiyo hiyo oili. Watengeneza majahazi wa pwani yetu walikuwa wakipaka mbao sifa, mafuta ya samaki, na shahamu iliyochanganywa na chokaa kwenye sehemu inayozama majini. Harufu ya sifa sikushauri uilete uani. Lililo la kuiga ni kwamba chombo kilipandishwa pwani na kupakwa upya kila baada ya muda. Kasha lako nalo lipakwe upya kila mwaka, Januari au Februari, kabla masika hayajafika.

Kasha la mboga

Vunja paleti kwa subira. Misumari yake imesokotwa ili isitoke, na ukiing'oa kwa mtaimbo utapasua nusu ya mbao. Njia rahisi ni kupenyeza msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo lake na kukata msumari katikati. Vaa glovu. Vichwa vya misumari vinavyobaki kwenye ubao vigonge nyuma vitoke, au viache, havidhuru kitu.

Paleti nyingi zina urefu wa sentimita 120 kwa upana wa 100 au 80, na bao zake huwa na upana wa karibu sentimita 10 na unene wa karibu mbili. Tafuta mbili ili usipungukiwe. Kata bao sita za sentimita 100 kwa pande ndefu, na sita za sentimita 36 kwa pande fupi. Kutoka kwenye magogo ya paleti, kata miguu minne ya sentimita 40. Kata na mguu wa tano na wa sita kwa ajili ya katikati ya pande ndefu, kwa sababu udongo uliolowa husukuma ubao wa mita moja mpaka ukatokeza tumbo.

Laza bao tatu za sentimita 100 chini, moja kando ya nyingine, zipate kimo cha sentimita 30. Laza miguu mitatu juu yake, miwili kwenye ncha na mmoja kati, vichwa vyake vikilingana na ukingo wa juu na sentimita 10 zikibaki chini. Hizo ndizo zitakazoinua kasha. Pigilia kwa misumari ya inchi mbili, miwili kila ubao kwenye kila mguu. Kabla ya kupigilia, geuza msumari na uigonge ncha yake kwa nyundo mara moja ibutuke. Msumari mkali hutenganisha nyuzi za mbao na kuipasua. Uliobutuka huzikata na kupita. Fundi seremala yeyote wa Keko, Dar es Salaam, anajua hilo, nalo litakuokolea mbao nyingi. Tengeneza upande wa pili vivyo hivyo, kisha unganisha pande mbili kwa zile bao fupi, ukizipigilia kwenye miguu ya pembeni.

Kwa sakafu, pigilia papi moja kila upande kwa ndani, usawa wa chini wa kasha, kisha kata bao nyingine fupi na uzilaze juu yake kwa kukingama. Acha mwanya wa nusu sentimita kati ya ubao na ubao. Usizipigilie, ziache zikae kwa uzito wake, ili siku moja ikioza uweze kuibadilisha peke yake. Funga waya au papi juu, katikati, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ndani, tandika gunia la mkonge au la juti, lile la kahawa au korosho. Litazuia udongo usimwagike kwenye mianya mpaka mizizi ishike. Likioza, limekuwa mbolea. Viroba vya plastiki navyo vingefaa, ila jua likivipata ukingoni vinanyambuka nyuzi nyuzi na kuingia kwenye udongo. Tandaza makumbi ya nazi juu ya gunia, unene wa vidole viwili. Yanashika maji na kuyatoa kidogo kidogo. Kokoto usiweke. Imezoeleka kwamba kokoto chini ya kasha zinasaidia maji kutoka, lakini maji hugoma kushuka kutoka udongo laini kuingia penye mianya mikubwa mpaka udongo ujae kabisa, kwa hiyo kokoto zinapandisha tope karibu na mizizi na kukuibia kina.

Jaza udongo sehemu mbili, mboji sehemu moja na mchanga sehemu moja. Kasha la vipimo hivi linachukua karibu lita 90, na likilowa uzito wake unaweza kuzidi kilo 120. Anayekaa ghorofani atengeneze madogo mawili na kuyaweka karibu na ukuta, si kwenye ukingo wa baraza. Mchicha utaridhika na kina cha sentimita 20. Sukuma wiki, bilinganya na nyanya zinataka kina chote ulichonacho.

Uzio wa mboji

Hiki ndicho kifaa rahisi kuliko vyote, na kama una nguvu ya kutengeneza kimoja tu, tengeneza hiki. Simamisha paleti nne za HT kwa ubavu zifanye mraba, zifunge pembeni kwa waya, na ile ya mbele uifunge kwa kamba ili ifunguke. Karibu mita moja kila upande ndicho kipimo hasa: lundo dogo kuliko hapo hupoteza joto, na kubwa mno hewa haifiki kati. Mianya ya paleti inapitisha hewa bila wewe kufanya lolote. Paleti zikae juu ya matofali. Lundo lenyewe liguse ardhi, ili minyoo ipande.

Weka maganda ya jikoni na majani mabichi kwa zamu na vitu vikavu. Hapa maranda ya kwa seremala yanafaa sana, mradi umwulize alikuwa akiranda nini. Ya mbao ya dawa au MDF usiyachukue. Lundo lililopangwa vizuri hupanda hadi nyuzi 50 au 60 katikati, na mkono wako utalisikia. Ligeuze kila wiki mbili, lifunike kwa makuti wakati wa masika, na baada ya miezi mitatu au minne utapata kitu cheusi chenye harufu ya msitu.

Maranda mabichi usiyafukie shambani moja kwa moja. Vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni yote iliyo karibu, na mimea inageuka manjano. Yatandaze juu ya udongo tu, mbali kidogo na shina, yazuie magugu na jua.

Vitu vidogo

Sanduku la nyanya ni kitalu kilichokwisha kutengenezwa. Tandika gazeti, jaza udongo laini sentimita nane, sia mbegu. Kwa miche unayotaka kuikuza mmoja mmoja tumia vifuu badala ya viriba: nusu yenye macho matatu, toboa lile jicho laini kwa msumari, maji yatapita hapo. Usipande mche pamoja na kifuu chake, kwa sababu kifuu hakiozi upesi na mizizi itajikunja humo. Gonga, utoe mche, kifuu kingoje mwenzake.

Kwa majina ya mimea tumia mwiko uliopasuka, vijiti vya mishikaki, vibanio vya nguo vya mbao, chochote. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu za rangi hufifishwa na jua, penseli haififii.

Mpini wa jembe uliovunjika, uchonge ncha na uutie alama kwa msumeno kwenye sentimita moja, mbili na tano. Utatoboa mashimo ya mbegu yenye kina sawa. Mbuzi ya nazi, ng'oa ulimi wake wa chuma, piga msasa, paka mafuta, nayo itakuwa kiti cha kupalilia chenye kimo kinachofaa magoti na mgongo.

Na kile kinu chenye ufa. Toboa matundu matatu chini kwa keekee, kiweke juu ya mawe, ukipandie mrehani au asumini karibu na mlango. Ufa usiuzibe. Ndio njia ya ziada ya maji, na kinu kilichochongwa kwa gogo zima la mti mgumu kitaishi hapo miaka mingi.

Uchanja wa pesheni na nyuki seremala

Chaga za kitanda zina urefu na unyofu unaofaa kabisa kwa mmea unaotambaa. Simamisha nguzo mbili za mita mbili, kila moja ikiwa imefungwa kwa boliti kwenye kipande cha chuma kilichozikwa ardhini, mbao yenyewe isiguse udongo. Pigilia chaga kwa kukingama kila baada ya sentimita 30. Kama uko karibu na ukuta, acha nafasi ya kupitisha mkono nyuma yake. Matango na kunde zitapanda hapo msimu wa kwanza huku pesheni ikikua.

Pesheni ya manjano, ile inayostawi pwani, ina tabia ambayo wengi hawaijui mpaka wanapoona maua yanadondoka bila tunda hata moja. Haijichavushi. Inahitaji chavua ya mmea mwingine, usiokuwa kipandikizi cha mmea huo huo, na mbebaji wake mkuu ni nyuki seremala, yule mkubwa mweusi anayevuma kwa sauti nzito na anayetoboa mbao kavu. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile. Huchukua chavua na kuondoka bila kugusa mahali panapotakiwa.

Kwa hiyo panda miche miwili ya mbegu tofauti, kisha mpe nyuki seremala nyumba. Chukua kipande cha paina au mwembe mkavu, kinene cha sentimita 10 au zaidi, kisicho na rangi, dawa wala mafuta. Kitundike chini ya ukingo wa paa la banda, mita moja na nusu kutoka chini, kinapoangalia mawio. Unaweza kumwanzishia tundu la sentimita moja na robo. Kiweke mbali na mapaa ya nyumba yako, kwa sababu yeye hatofautishi. Hana haja na wewe: dume hana mwiba, na jike huuma akishikwa tu.

Usinyunyize dawa yoyote, hata ya mwarobaini, mchana wakati maua yamefunguka. Ua la pesheni ya manjano hufunguka karibu na saa sita mchana na kufunga usiku. Mwaka wa kwanza, kabla nyuki hawajahamia, fanya kazi yao mwenyewe: mchana, vile vijiti vitatu vya kike vya katikati ya ua vikishainama chini, chukua brashi ndogo au unyoya wa kuku, sugua chavua kwenye ua la mmea mmoja na uipake kwenye ncha za ua la mmea wa pili, kisha urudi kinyume chake. Ua lililoshika halidondoki siku ya pili; ukiona kijitunda cha kijani kinaanza kutuna, hesabu kama miezi miwili hadi miwili na nusu, kisha tandika nyasi kavu chini ya uchanja, kwa sababu pesheni iliyoiva huanguka yenyewe na haipati utamu wake wote ikichumwa mapema.